Moyo juu ya mkanda: kipimo hiki kinaona nini?

Mwaka 1972 daktari Mmarekani George Mann alichapisha, pamoja na wenzake, matokeo ya uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 wa Kimaasai waliokwisha kufariki. Mmoja wa wenzake hao alikuwa Anne Spoerry, yule daktari wa ndege ambaye watu wa Kenya walimwita Mama Daktari. Wanaume hao waliishi kwa maziwa na nyama, na mafuta ya wanyama waliyokula yalizidi yale ya Mmarekani wa kawaida. Mishipa inayolisha moyo ilipopasuliwa, kuta zake zilikutwa zimenenepa kwa ugonjwa sawasawa na kuta za mishipa ya wazee wa Marekani. Lakini njia ya damu ilikuwa wazi. Mishipa yao ilikuwa imepanuka kadiri umri ulivyosonga, ikafidia nafasi yote iliyoliwa na ugonjwa na kubakiza ziada. Watafiti walikisia kwamba wepesi wa mwili, ule unaotokana na kutembea kutwa na mifugo, ndio uliowapa mishipa mipana kiasi hicho.

Tuseme mmoja wao angepandishwa kwenye mashine ya kukimbilia mwaka mmoja kabla ya kufa, akafungwa kifuani nyaya za ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo. Angetembea mpaka madaktari wachoke kumtazama, na mchoro wa moyo wake ungetoka safi. Ripoti ingeandikwa kwamba hana ugonjwa wa mishipa ya moyo. Ripoti hiyo isingekuwa kweli, ingawa mashine isingekuwa imekosea hata kidogo.

Nimeanzia hapo kwa sababu kipimo hiki, ambacho hospitalini wengi hukiita tredmili, siku hizi kimewekwa ndani ya vifurushi vya uchunguzi wa afya vinavyouzwa mijini kwetu. Mtu wa miaka 40 na kitu, asiyeumwa popote, analipia damu, mkojo, picha ya kifua, na mwisho anapandishwa kwenye mkanda ili aambiwe kama kuna ugonjwa uliojificha moyoni. Swali hilo si la kipimo hiki. Kwa miaka mingi nimesoma michoro ya namna hii, nakiheshimu kipimo chenyewe, na ndiyo maana inaniuma kukiona kinatumika mahali ambapo kinatisha wazima na kuwapa wagonjwa faraja isiyo yao.

Kwa asiyewahi kukiona, mambo huwa hivi. Unavua shati. Kama kifua kina nywele, zinanyolewa pale vibandiko vitakapokaa, ngozi inasuguliwa kwa spiriti, kisha vinabandikwa vibandiko 10. Katika ECG ya kulala kitandani, vinne kati yake hukaa mikononi na miguuni. Hapa hupandishwa hadi karibu na mabega na chini ya mbavu, kwa mpangilio uliopendekezwa na Mason na Likar mwaka 1966, kwa kuwa mikono na miguu inayochezacheza huvuruga mchoro. Mkono mmoja unafungwa kitambaa cha kupimia shinikizo la damu. Mkanda unaanza polepole, kilomita 2.7 kwa saa, ila tayari umeinuliwa asilimia 10, kwa hiyo tangu hatua ya kwanza unapanda mlima. Baada ya dakika 3 kasi inakuwa kilomita 4 na mwinuko asilimia 12. Baada ya 3 nyingine, 5.5 na asilimia 14. Hapo maongezi hukatika, mtu akabaki na pumzi zake. Ngazi ya nne ni kilomita 6.8 kwenye mwinuko wa asilimia 16, na wengi hawaifikii. Ngazi hizi ni za Robert Bruce wa Seattle, aliyezieleza mwaka 1963. Kabla yake, Arthur Master wa New York aliwapandisha na kuwashusha wagonjwa wake kwenye vidaraja viwili vya mbao, kazi aliyoianza mwaka 1929.

Mapigo ya moyo yanalengwa kufika asilimia 85 ya kiwango cha juu kinachokadiriwa kwa kutoa umri kwenye 220. Mwenye miaka 50 anatakiwa afike karibu 145 kwa dakika. Anayeshindwa kufika hapo, mchoro wake ukiwa safi hauthibitishi kitu, maana moyo haukusukumwa vya kutosha.

Macho ya daktari wakati wote huo yako kwenye kipande kidogo cha mchoro kinachoitwa ST, kati ya mchomo mkali wa pigo la moyo na wimbi linalofuata. Kikishuka milimita 1 au zaidi chini ya mstari wa msingi, kikalala bapa au kikaendelea kuteremka, kipimo kinahesabiwa kuwa chanya. Sababu ya kushuka huko ni ya kupendeza kuielewa. Hata ukiwa umelala, msuli wa moyo tayari unachukua karibu robo tatu ya oksijeni iliyomo katika damu inayoupitia. Misuli ya mapaja ikizidiwa na kazi hukamua oksijeni zaidi kutoka katika damu ileile, lakini moyo hauna akiba hiyo, njia yake ni moja tu: damu iongezeke. Mshipa mzima huweza kuongeza mtiririko mara nne au zaidi. Mshipa uliobanwa nusu ya upana wake au zaidi unatosheleza mtu akiwa kwenye kiti, ila mlimani unaelemewa. Tena moyo hujilisha hasa unapolegea kati ya pigo na pigo, na mapigo yakienda mbio nafasi hiyo inafupika. Tabaka la ndani kabisa la msuli ndilo linaloanza kukosa damu, na ukosefu huo ndio unaoivuta ST chini.

Kwa hiyo tredmili inapima jambo moja: je, damu inatosha pale moyo unapoihitaji zaidi? Kuta za mishipa haizioni. Na ugonjwa wenyewe huishi ukutani kwa miaka mingi kabla haujaigusa njia ya damu. Mwaka 1987 Seymour Glagov na wenzake huko Chicago walipima mishipa ya mioyo 136 na kukuta kwamba mshipa hupanuka kuelekea nje kadiri mafuta yanavyojikusanya ukutani, hata nafasi ya damu haianzi kupungua mpaka ugonjwa ujaze karibu asilimia 40 ya eneo lake. Kile Mann na Spoerry walichokiona kwa Wamaasai, wao kwa kipimo cha ukarimu zaidi, kipo kwa kila binadamu. Mshipa si bomba la chuma linaloota kutu ndani.

Jambo la pili ni zito zaidi. Shambulio la moyo kwa kawaida haliji kwa mshipa kujibana taratibu hadi ukaziba. Utando wa mafuta hupasuka, damu inaganda juu ya kidonda hicho, na njia inafungwa kwa dakika chache. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani walirudi kwenye picha za mishipa za watu ambao baadaye walipata shambulio, wakaangalia pale palipokuja kuziba. Mara nyingi palikuwa pamebanwa chini ya nusu. Mahali pa namna hiyo hapaishushi ST hata milimita.

Tim Russert, mtangazaji wa siasa wa NBC, alijulikana kuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo usio na dalili na alikuwa akitibiwa. Mwishoni mwa Aprili 2008 alifanya kipimo cha mazoezi, akafanya vizuri. Tarehe 13 Juni mwaka huohuo alianguka kazini Washington akafa, akiwa na miaka 58. Utando mmoja ulikuwa umepasuka. Upande wa pili yupo Jim Fixx, mwandishi aliyewafanya mamilioni ya Wamarekani waanze kukimbia. Baba yake alikufa kwa moyo akiwa na miaka 43. Kenneth Cooper, daktari wa mazoezi wa Dallas, alieleza baadaye kwamba alimwalika Fixx afanye kipimo na Fixx hakutaka. Mwaka 1984 alikufa akikimbia barabarani huko Vermont, miaka 52, na mishipa yake ilikutwa imebanwa vibaya. Kwa Fixx, mkanda huenda ungesema kitu, kwa kuwa ugonjwa wake ulikuwa umefika kwenye njia ya damu. Kwa Russert haukuwa na la kusema. Watu hupenda kumtaja mmoja wao tu, kulingana na wanachotaka kuuza.

Sasa hesabu, na naomba msomaji avumilie, kwa kuwa kiini cha mambo kimo humu. Mwaka 1989 Gianrossi na wenzake walikusanya tafiti 147 zenye watu zaidi ya 24,000 waliofanyiwa kipimo hiki na pia picha ya mishipa. Kwa wastani, kati ya wagonjwa 100 kipimo kiliwanasa 68. Kati ya watu 100 wasio na mshipa uliobanwa, kiliwaachia 77 na kuwashika 23 bure.

Chukua watu 1,000 wa kifurushi cha uchunguzi, wasio na maumivu yoyote, na tuseme 50 kati yao wana mshipa uliobanwa. Kipimo kitawanasa 34 na kuwakosa 16. Katika wale 950 waliobaki, 219 hivi wataambiwa kipimo ni chanya ilhali mishipa yao iko wazi. Ukiwapanga wote wenye majibu chanya, 253, wagonjwa wa kweli humo ni 34, yaani 13 katika kila 100. Wengine wote wanarudi nyumbani hawalali. Baadhi watapelekwa kuingizwa mrija kwenye mishipa, utaratibu wenye hatari zake, na kwa familia nyingi gharama zake zinaweza kuwauzisha shamba.

Geuza upande. Chukua watu 1,000, kila mmoja mwanaume wa miaka 65, mvutaji sigara mwenye kisukari, kifua kinambana akipanda kilima na kuachia akisimama. Tuseme 900 kati yao ni wagonjwa. Kipimo kitatoa majibu hasi kwa watu 365, na kati ya hao 288 ni wagonjwa. Kumwambia mzee kama huyo kwamba ECG imetoka safi, kwa hiyo aende zake, ni kosa linaloua.

Kipimo kinafanya kazi yake pale katikati, ambapo daktari baada ya kumsikiliza mgonjwa anabaki njia panda, nusu kwa nusu. Hapo jibu chanya linapandisha uwezekano hadi 75 katika 100, na jibu hasi linaushusha hadi 29. Huo ni msaada wa kweli. Wamarekani Rifkin na Hood waliieleza hesabu hii mwaka 1977, Diamond na Forrester wakaipa majedwali mwaka 1979, na bado naona maombi ya kipimo yameandikwa "ECG ya mazoezi" bila umri, bila dalili, bila lolote.

Uwezekano huo wa kabla ya kipimo hauvuki mipaka ukiwa vilevile. Mwaka 1960 zilichapishwa takwimu za uchunguzi wa maiti 632 wa Uganda uliolinganishwa na 632 wa St. Louis, Marekani, umri kwa umri. St. Louis walikuta mioyo 136 yenye alama ya shambulio. Uganda walikuta 1. Mchoro uleule, wenye ST iliyoshuka milimita ileile, katika wodi ya Kampala ya wakati huo ungekuwa karibu hakika ni kengele ya uongo, na St. Louis ungekuwa habari nzito. Tangu hapo maisha yetu yamebadilika sana. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam, iliyoanza kujitegemea mwaka 2015, inazibua mishipa ya moyo kama kazi ya kila siku, na wagonjwa hao si wageni kutoka nje. Hata hivyo, daktari anayetumia majedwali ya Marekani au Ulaya kwa mkulima wa Mbeya bila kuyapima upya anakisia.

Kuna pia sababu za kengele za uongo ambazo kwetu zimejaa. Shinikizo la damu la miaka mingi lisilotibiwa hunenepesha msuli wa chumba cha kushoto cha moyo, na msuli huo hubadilisha ST hata mishipa ikiwa wazi. Upungufu mkubwa wa damu hufanya hivyo. Dawa ya dijoksini, wanayopewa wengi wenye moyo uliochoka, hufanya hivyo. Wanawake nao hupata majibu chanya ya uongo mara nyingi kuliko wanaume. Kama umeme wa moyo umekwama upande wa kushoto, ST haisomeki kabisa. Kwa sababu hizi ECG ya kupumzika lazima isomwe kabla mtu hajakanyaga mkanda, na kifua kisikilizwe kwa stetoskopu, maana nchi zetu zina wagonjwa wa vali walioachwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, na mwenye vali ya aota iliyobana sana anaweza kufia juu ya mashine. Kipimo kwa ujumla ni salama. Uchunguzi wa mwaka 1971 uliojumuisha vipimo takriban 170,000 ulikuta kifo 1 kwa kila 10,000. Usalama huo unategemea nani amezuiwa mlangoni.

Nimeisema sana ST. Sasa niseme kile ninachokithamini zaidi, ambacho katika ripoti nyingi hakisomwi hata na daktari aliyekiagiza: dakika.

Madaktari wa Chuo Kikuu cha Duke walitengeneza alama rahisi, wakaithibitisha mwaka 1991 kwa wagonjwa wa nje. Chukua dakika alizotembea mtu kwa ngazi za Bruce. Toa mara 5 ya milimita za ST iliyoshuka. Toa 4 kama kifua kiliuma, au 8 kama maumivu ndiyo yaliyomsimamisha. Ukipata 5 au zaidi, hatari ni ndogo, na katika kundi hilo 99 kati ya 100 walikuwa hai miaka minne baadaye. Ukipata chini ya −10, walibaki hai 79.

Linganisha watu wawili. Wa kwanza ametembea dakika 10, ST imeshuka milimita 1, kifua hakikuuma. Ripoti yake inasema chanya, na usiku huo anaandika wosia. Alama zake ni 10 toa 5, yaani 5: yuko kundi la hatari ndogo. Wa pili ameshindwa kuendelea dakika ya 4, pumzi zimemwishia, ST haijashuka. Ripoti inasema hasi, anapongezwa. Alama zake ni 4, kundi la kati, na mimi huyu ndiye ningemwita tena wiki ijayo nijue kwa nini mtu wa umri wake hawezi kupanda mlima kwa dakika 5.

Mwaka 2002 Jonathan Myers na wenzake huko California waliwafuatilia wanaume 6,213 waliofanya kipimo hiki. Uwezo wa kufanya kazi juu ya mkanda ulitabiri vizuri zaidi nani atakufa kuliko sigara, kuliko shinikizo la damu, kuliko kisukari. Kila kizio kimoja cha uwezo, kikihesabiwa kwa wingi wa nishati anaoutumia mtu aliyekaa kimya, kiliongeza uwezekano wa kuishi kwa asilimia 12. Miaka mitatu kabla ya hapo kundi la Cleveland lilionyesha kwamba mapigo yasiyoshuka zaidi ya 12 katika dakika ya kwanza baada ya kilele ni dalili mbaya. Na shinikizo la juu likiporomoka wakati mtu bado anapanda, hapo mashine inasimamishwa mara moja, maana mara nyingi moyo mzima una njaa. Yote haya yamo kwenye karatasi ileile iliyolipiwa.

Kwa wenye uwezo, dunia imehamia kwenye CT ya mishipa ya moyo, ambayo huona ukuta wenyewe. Uingereza iliacha kupendekeza ECG ya mazoezi kwa kugundua ugonjwa huu mwaka 2010. Uskoti waliwagawa watu 4,146 wenye maumivu ya kifua. Nusu walipata utaratibu wa kawaida, ambao kwa wengi ulikuwa na ECG ya mazoezi, na nusu wakaongezewa CT. Baada ya miaka mitano, vifo vya moyo na mashambulio vilikuwa asilimia 3.9 kwa wa kwanza na 2.3 kwa wa pili. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba walioonekana na ugonjwa ukutani walianzishiwa dawa za kupunguza lehemu na aspirini mapema.

Kwetu CT ya aina hiyo ipo mijini, kwa bei ya wachache. Sisemi mashine za kukimbilia zitupwe. Mtu mwenye maumivu ya kifua yasiyoeleweka vizuri, anayeweza kutembea, mwenye ECG ya kupumzika iliyo safi, apandishwe, tena mapema. Aliyewahi kupata shambulio na anataka kujua kama arudi shambani, apandishwe. Asiye na dalili yoyote aachwe: hata jopo la Marekani linaloshauri juu ya huduma za kinga lilirudia mwaka 2018 kwamba watu wa hatari ndogo wasipimwe hivi. Pesa yake aitumie kupima shinikizo la damu, sukari na lehemu. Utafiti wa INTERHEART wa mwaka 2004, uliohusisha nchi 52 zikiwemo za Afrika, ulikuta mambo 9 yanaeleza takriban asilimia 90 ya hatari ya shambulio la kwanza, na mengi kati yake yanajulikana kwa utepe wa kupimia kiuno, mashine ya presha na maswali machache. Kwa Waafrika weusi, shinikizo la damu lilijitokeza kuwa na uzito wa pekee.

Na kwa hospitali zinazomiliki mashine hizi nina ombi moja lisilogharimu hata shilingi. Mstari wa kwanza wa ripoti uandike mgonjwa alitumwa kwa swali gani, alitembea dakika ngapi, mapigo yalifika wapi na yalishuka vipi, shinikizo lilikwendaje, na nini kilimsimamisha: kifua, pumzi, magoti, au woga. ST ifuate baada ya hapo, pamoja na alama ya Duke ikiwa imeshahesabiwa. Daktari wa wilayani atakayeipokea karatasi hiyo, ambaye huenda hana mtaalamu wa moyo wa kumpigia simu, atakuwa na cha kumwambia mgonjwa wake zaidi ya chanya au hasi.